Mti wa Arubaini

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, kazi yangu nyumbani ilikuwa kuwa macho ya bibi yangu. Mato, alisema yeye, kwa Kimvita chake cha zamani. "Mato yangu yako wapi?" aliita kutoka uani kila baada ya swala ya alfajiri, nami nilikuja mbio na leso yangu ndogo, uso sijaunawa vizuri, nikashikwa bega. Bega la kulia, si la kushoto. Nikimpa la kushoto alinifinya.

Mariamu anayeniandikia haya anacheka. Yeye ni mjukuu wa ndugu yangu Athumani, amesoma, na hajui kwamba kisiwa hiki kilikuwa na mwitu. Cheka, mwanangu, lakini andika. Macho yangu sasa yameingia ukungu kama ya Bibi siku zile, na kalamu siioni tena.

Wakati huo mji ulikuwa huu wa Kale tu, nyumba za mawe zimebanana karibu na Ngome. Ukitoka nje ya mji, ukapita makaburi na mashamba ya minazi, upande wote wa Kilindini ulikuwa vichaka na miti. Mtaa wa Majengo ulikuwa haujawa Majengo. Palikuwa na reli nyembamba ya vigari vya kusukumwa na watu, Wazungu wamekaa juu na miavuli yao, wanapelekwa Kilindini na kurudishwa. Kando ya reli hiyo mwitu ulianza papo hapo. Ukiingia hatua kumi humsikii mtu, unasikia ndege tu, hua na dudumizi, na tumbili wakigombana juu ya mkwaju.

Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa mtu wa dawa za watoto. Hakuwa na ngoma wala mapepo, alikuwa na majani na Bismillahi tu. Mtoto wa mtaani akiharisha, akikohoa, akikataa ziwa, aliletwa kwetu. Na dawa hizo hazikuwa za dukani, zilikuwa za kuchumwa, na za kuchumwa kwa adabu.

Adabu yenyewe nitaieleza, maana bila hiyo hamtaelewa nililolifanya. Ukifika mwituni unabisha hodi. "Hodi, hodi, wenyewe," Bibi alisema, kisha akasimama kimya mpaka kitu kijibu. Akilia ndege, au jani likianguka, huko ndiko kukaribishwa. Ukifika kwenye mti unaoutaka unatoa salamu, unautaja kwa jina, unaunyunyizia tone la marashi, ndipo unachuma. Huchumi palipoangukiwa na kivuli chako. Na kubwa kuliko yote, huchumi mti ambao hujapewa jina lake. Jina la mti hupewi nyumbani, hupewi njiani. Unapewa chini ya mti wenyewe, mkono wako juu ya gome, mtu anakunong'oneza sikioni mara moja, nawe unarudia mara tatu.

"Na mtu akichuma bila jina?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Mti humficha uso wake," alisema. "Atapita mbele yake mara mia asiuone. Mpaka afe."

Bibi aliijua miti arubaini ya dawa. Alikuwa na kamba nyembamba ya ukindu, na kila aliponipa jina alipiga fundo moja. Kwa kuwa hakuona, mimi nilimwelezea, naye alinikosoa. Wallahi alikuwa mgumu. Nikisema, "Bibi, nauona mti, majani yake madogo," alisema, "Madogo kama nini? Yamekaa mawili mawili au moja moja? Chini yana rangi gani? Nani yuwaja kumtembelea?" Hilo la wageni ndilo alilolipenda zaidi. Alitaka kujua ni sisimizi gani wanapanda, ni ndege gani anakula tunda lake, mbuzi anayagusa majani au anayaacha. Nikikaa kitako mbele ya kichaka mpaka miguu inanifa ganzi, nikimhesabia ndege, ninga wanaokula matunda meupe ya mkwamba, au nikimwambia jinsi ndege chozi anavyochomeka mdomo kwenye ua. Yeye alikaa nyuma yangu akitafuna tambuu, akisikiliza. Akiridhika alisema, "Haya, ndoo," nikaja, akaniwekea mkono wangu juu ya gome.

Nilikuwa na furaha gani! Sijui niseme vipi. Wasichana wenzangu walikuwa wamekaa ndani wakisuka ukili, na mimi nilikuwa na magaga miguuni na miiba ya mchongoma kwenye leso.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe niliujua. Katika nyumba kama yetu msichana akikaribia kukua alitawishwa. Aliwekwa ndani, na kutoka kwake kukawa ni kwa arusi au kwa matanga, tena amefunikwa gubigubi. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchonga milango, mpole lakini mwenye kujali maneno ya watu, alianza kusema kwamba Rukia amekuwa mkubwa. Mama akaenda kwa Bibi kumwambia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia.

"Mama, huyu mtoto atatembea mwituni mpaka lini?"

"Mpaka amalize majina."

"Yamebaki mangapi?"

Bibi akaitoa kamba, akaipapasa. "Moja," alisema.

"Basi akilipata hilo, akae ndani."

"Akilipata hilo," Bibi alisema, "kazi yetu mwituni imekwisha. Mfungieni."

Nililia siku hiyo nyuma ya mtungi. Nilitaka jina la arubaini na sikulitaka.

Mti huo wa arubaini ulikuwa wa degedege. Wazee walisema degedege ni ndege wa kishetani anayepita juu ya nyumba, na kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga, mtoto anakaza mwili, macho yanapinduka, povu linamtoka. Dawa yake ni kufukizwa jani la mti huo, kwenye chetezo, mtoto amefunikwa leso. Tulipokwenda kulichuma, Bibi alinigeuza nielekee baharini, akapapasa mwenyewe mpaka akalifikia. Alitambua kwa harufu. Mimi nilichungulia. Ndiyo, nilichungulia chini ya kwapa langu, mara mbili. Niliona kichaka cha kufika begani kwa Bibi, majani matatu matatu, meupe chini, na gome linalobanduka kama ganda la kitunguu. Na harufu ilinifikia hata nilipokuwa nimegeuka, harufu ya karafuu mbichi na chokaa inayomwagiwa maji.

Athumani alikuwa na miaka miwili. Huyu huyu mnayemwona mzee wa fimbo, alikuwa kitoto kinene chenye vishimo mashavuni, na degedege lilikuwa limemzoea. Kila homa ikipanda, linakuja. Bibi alimfukiza, likaondoka. Basi sote tulijua kwamba mkoba wa Bibi wa majani, uliotundikwa juu ya kitanda chake, ndio uliomshikilia Athumani duniani.

Asubuhi moja baada ya chai alianguka kwenye mkeka, akakaza. Mama akapiga ukelele. Bibi akasema, "Mkoba," nikauangua mkoba, akaingiza mkono, na nikauona uso wake ukibadilika. Uliingiwa na panya. Palibaki vumbi na vijiti.

Lile la kwanza likamwachia, akalala, anahema. Haikuchukua muda likamrudia la pili, refu zaidi. Mama alikuwa amepiga magoti, anaomba, anamwita Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Baba yuko kwenye karakana yake, ameshatumiwa mtu. Bibi alimweka Athumani mapajani, akawa anamsomea.

"Nitakwenda mimi," nilisema.

"Hujapewa," Bibi alisema.

"Naujua, Bibi. Nilichungulia."

Hakunikasirikia. Alinigeuzia yale macho yake meupe. "Ukichuma bila jina hutauona tena maishani mwako. Wasikia?"

"Nipe jina basi."

"Jina hupewa chini ya mti. Na mimi siwezi kukimbia."

Athumani akakaza mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Sikungoja mtu aniruhusu.

Nilikimbia kichwa wazi, leso imebaki nyumbani, na hilo peke yake lingetosha kunipatia fimbo. Nilipita makaburi, nikapita minazi, nikashika reli ya vigari nikakimbia katikati yake. Watu waliokuwa wanasukuma wakanifokea, "We mtoto, toka njiani, utavunjwa!" nikaruka pembeni, kigari kikapita, nikarudi tena katikati. Kifua kilikuwa kinachoma. Nilipofika kwenye mkwamba ulioinama, pale tulipozoea kuingilia, nikaingia bila hodi.

Kisha nikasimama. Nikaogopa kwamba kwa kukosa adabu mti umeshajificha, nami nitarudi mikono mitupu. Nikasema kwa sauti, "Hodi, hodi, wenyewe," na sikungoja jibu, nikaanza kunusa kama mbwa. Niliupata kwa pua. Ulikuwa nyuma ya mkwamba, mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na chozi mmoja wa kijani alikuwa juu yake, akaruka.

Sikuwa na marashi. Sikuwa na jina. Niliweka mkono juu ya lile gome na nikasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka yote: "Salaam aleikum, mti wa Bibi. Jina lako sijapewa, lakini ndugu yangu anakufa." Nikakwanyua tawi zima. Kivuli changu kilikuwa kimeufunika wote, na sikujali.

Athumani aliishi. Nilipofika bado alikuwa anapumua, Bibi akanusa tawi, akaitikia kwa kichwa, tukamfukiza. Moshi ulipojaa chumbani mwili wake ulilegea, akalia, na kile kilio Mama alikipokea kwa vigelegele. Daktari aliyemwona mtoto wa Mariamu juzi juzi anasema degedege humwachia mtoto lenyewe homa ikishuka. Huenda. Mimi nilikuwepo, na simbishii mtu.

Baada ya hapo Bibi aliniita uani. Nilidhani nitapigwa. Aliniosha miguu, ilikuwa inatoka damu, akanipaka mafuta, na akasema taratibu, "Umemwokoa ndugu yako. Na mti umeukosa. Itabidi twende tukauombe radhi, ukikuonyesha uso tena, hapo ndipo nitakupa jina."

"Na usiponionyesha?"

"Tutakwenda tena."

Alhamisi ikatufikia tukaenda. Pale kwenye mkwamba ulioinama, wallahi, hapakuwa na mkwamba. Palikuwa na kisiki. Watu wa serikali walikuwa wamefyeka mstari mwembamba moja kwa moja kuelekea baharini, wamepiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu, na nyuma ya kisiki palikuwa na majani makavu na udongo. Nilimweleza Bibi ninachokiona. Halafu akasema, "Umeshajificha, mwanangu. Tutautafuta kwengine."

Nililia njia nzima. Nilikuwa na hakika kwamba ni mimi niliyeufukuza, na kwamba vile vigingi vilikuja kwa sababu yangu. Jioni Mama aliuliza, "Amepewa jina?" Bibi akajibu, "Mti umemficha uso. Hatujamaliza."

Basi ikawa kila Alhamisi. Mwaka mzima na zaidi, tangu kaskazi mpaka kusi mpaka kaskazi tena, mimi na Bibi tuliutafuta mti wa arubaini. Baba alinung'unika, nami nilikuwa narefuka kila mwezi, lakini dawa ya Athumani ilikuwa ni dawa ya Athumani, na hakuna aliyethubutu kusema mtoto asipewe jina lake. Mwitu wote wa kisiwa niliupekua. Niliinama chini ya kila kichaka, nikageuza kila jani nione kama ni jeupe chini. Katika kuutafuta mti mmoja nilijua mingine ambayo hata Bibi hakuwa na majina yake. Niliona komba amelala kwenye pango la mti, mkono umefunika sikio. Niliona paa na mtoto wake wamesimama kwenye jua la asubuhi, na masikio yao yanapenywa na mwanga. Niliona nguchiro wakipita mmoja nyuma ya mwingine, na kenge akinywa umande kwenye jani. Nilijua dudumizi akilia vipi mvua inakuja, na mfudu unapukutika lini. Yote nilimweleza Bibi, naye aliuliza, na nikatazama tena.

Lakini kila tuliporudi bila mti nililia. Na yeye alinibembeleza. "Alhamisi, inshallah," alisema.

Kuna mambo mawili ya mwaka huo ambayo niliyaona na sikuyatia akilini. La kwanza ni marashi. Bibi wa zamani alitoa tone moja kwa mti mmoja. Mwaka huo alimwaga marashi kila hatua, huku na huku, anasema tunauomba radhi mwitu mzima. Popote tulipokwenda palinuka waridi, mpaka pua yangu haikunusa kitu kingine. Mama alikuwa akilalamika mrashi, ile chupa ya marashi, kila wiki mtupu.

La pili ni mkoba. Nilichuma tawi moja tu siku ile. Athumani alishikwa tena mara tatu katika mwaka huo, akafukizwa mara tatu, na mkoba haukuisha. Majani yalikuwa laini, hayajakauka. Nilidhani ni baraka.

Na kuna asubuhi moja, karibu na Kilindini, mahali penye michongoma mingi. Kundi la ninga lilitua juu yetu, kijani juu ya kijani, nikawa nimeinua uso nawahesabia wageni kama nilivyofundishwa. Nilihisi mkono wa Bibi umeniachia bega. Nilipogeuka nilimkuta ameinama kando yangu, mkono uko ndani ya kichaka. Aliutoa haraka, akaufuta vidole kwenye leso yake, akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Ni nini hapo, Bibi?"

"Hapana kitu. Nitajie ndege hao ni wangapi."

Nikamtajia. Tukarudi nyumbani.

Masika ya mwaka uliofuata alilala na hakuamka na nguvu zake. Siku ya tatu alikuwa anapumua kwa shida, na mimi, mtoto mjinga, nilichojali ni jina. Nilipanda kitandani nikamwekea mdomo sikioni. "Bibi, nitajie sasa. Nani atamchumia Athumani?"

Alitabasamu. Nilikasirika kwamba anatabasamu.

"Athumani amekua, halimpati tena," alisema. "Na jina hupewa chini ya mti. Alhamisi, inshallah."

Alifariki Jumatatu. Baada ya matanga Baba akaning'oa mwituni na kuniweka ndani, bila maneno mengi, na wala hapakuwa na mtu wa kumpinga wala kunitetea. Nilikuwa na miaka kumi. Nilisikia kutoka dirishani jinsi shoka na reli na meli zilivyokula upande ule wote. Nilipotoka tena, nikiwa mke wa mtu, nimefunikwa, Kilindini ilikuwa winchi za kupakulia shehena na mabohari, na ardhi imekuwa saruji. Athumani alipata ukarani huko huko bandarini. Miaka thelathini ndugu yangu alikwenda kazini akikanyaga mahali ambapo nilimchumia uhai wake, na hajui ni pale mlangoni au pale penye mizani.

Maisha yangu yote nimeupeleleza mti huo. Nimegeuza majani ya kila ua niliopita. Likoni, Kisauni, mashamba ya wajomba, kokote nilikopelekwa kwa arusi nilitoka uani nikageuza majani, mpaka watu wakanisema. Sikuuona. Bibi alisema sitauona, na sikuuona, na nikakubali kwamba hiyo ndiyo hukumu yangu.

Macho yalipoanza kuniharibikia nilimsimulia Athumani, mara ya kwanza. Alikuwa hajui. Akasema, "Basi Da Rukia, nitautafuta mimi. Mimi haukunificha kitu." Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, kila Ijumaa baada ya swala anapanda ngazi zangu na fimbo yake, anaguna kila ngazi, na ndani ya leso yake ya mfukoni kuna jani. Amelipata ukutani, makaburini, kwa mwenye mbuzi, kwa rafiki yake wa Mtwapa. Ananipa, nanusa, nasema, "Siyo." Anasema, "Hebu nusa vizuri, usinusie pua ya kiburi." Tunacheka, tunakunywa kahawa, anakula kaimati zangu zote, ananieleza nani amekufa na nani ameoa. Anakaa mpaka adhana ya alasiri. Siku nyingine za wiki humu ndani nasikia saa ya ukutani tu.

Amekwisha kuniambia, si mara moja, "Nikikupatia hilo jani lako, da, mimi basi. Magoti haya na ngazi hizi hatuelewani. Nitakuwa nawatuma watoto."

Ijumaa iliyopita alikuja akiwa na vumbi mabegani. Alisema amekwenda nyuma ya ukuta wa zamani wa makaburi, pamepasuka, kuna kichaka kimejiotea kwenye ufa. Akaniwekea jani kiganjani.

Sikulipeleka hata puani. Harufu ilikuja yenyewe. Karafuu mbichi, na chokaa inayomwagiwa maji. Nikalipapasa, yalikuwa majani matatu kwenye kikonyo kimoja. Nilikuwa na miaka minane tena, nina damu miguuni. Nilimsikia Athumani anahema baada ya ngazi, pumzi zile zile nilizozikimbilia, sasa za mzee, na alikuwa anangoja.

"Ndilo?" aliuliza.

Nililifuta jani kwenye leso yangu, mkono nikaurudisha nyuma ya mgongo.

"Siyo, ndugu yangu," nilisema. "Lakini umekaribia."

"Aa! Mti gani huu!" Akagonga fimbo chini. "Haya. Ijumaa, inshallah."

Na kwa neno hilo nikamwona Bibi. Nikauona mkono wake umerudi nyuma ya mgongo, nikajua marashi yalikuwa ya nini, na kwa nini mkoba haukuisha, na kwa nini alitabasamu. Miaka sitini na zaidi nimejidhania mtoto aliyefukuza mti, na kumbe bibi yangu alikuwa akiupita kila Alhamisi, akiuchuma nyuma ya mgongo wangu na kuniacha nilie, kwa sababu siku nitakayoupata ndiyo siku nitakayofungiwa. Alininunulia mwaka mmoja wa mwitu kwa machozi yangu mwenyewe. Angeniuliza, ningesema nipe, Bibi, huo mwaka, na kulia nitalia.

Siwezi kusema kama nimefanya vema. Magoti ya Athumani ni mabovu kweli. Kila usiku tangu siku hiyo najiambia Ijumaa nitamwambia ndilo, nimpumzishe. Kisha naisikia akilini fimbo yake kwenye ngazi ya kwanza.

Kamba ya ukindu ninayo, iko chini ya mto wangu. Ina mafundo thelathini na tisa. Jina la arubaini silijui na hakuna tena duniani wa kulijua, na hilo linaniuma, sitasema uongo. Lakini nafasi ya lile fundo nimeishika kidoleni usiku kucha, na sitalipiga.

Umeandika yote, Mariamu? Basi ifunge karatasi uiweke kwenye kasha. Babu yako usimsomee, mwanangu, nakusihi. Ijumaa ni keshokutwa, na kaimati sijaloweka hata unga.